Yaya, Inakatala: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu Unapojitolea Kufikisha Linux kwenye Kompyuta za Zamani

"Yaya, inakatala."

Katika chumba chetu cha kompyuta, komini ya Kenya hapa Lubumbashi (ni sehemu ya mji huu, si nchi jirani ya Uganda), neno hilo nalisikia kuliko salamu. Kijana anainua mikono kutoka kwenye kibodi, anageuka, ananiita Yaya (kwetu ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto), ananiambia inakatala, yaani inakataa. Nami namuuliza swali lile lile kila siku: inakatala ikiwa imefika wapi?

Swali hilo ndilo kiini cha kazi ya kujitolea katika kufikisha mfumo huria wa Linux kwenye mashine za zamani. Wengi huogopa kuanza kwa sababu hawajui kuandika msimbo wa kerneli, kile kiini cha Linux kinachoendesha mashine. Lakini watunzaji wa kerneli hawakosi waandishi wa msimbo kama wanavyokosa mashine zenyewe. Msaidizi wa kerneli aliye Ulaya anatumia kompyuta mpya. Pentium M, kichakataji cha Intel cha mwaka 2003, alishaitupa. Sisi tunazo. Zilipita kwenye makontena, zikavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, zikaishia mezani kwetu, na bado zinawaka. Mwezi Agosti 2025 Debian 13, mojawapo ya mifumo inayojengwa juu ya Linux, ilitoka bila kerneli wala kisakinishi cha i386, yaani vichakataji vya biti 32 vya familia ya Intel. Kerneli ya Linux yenyewe iliacha 386 asilia, kichakataji cha kwanza cha biti 32 cha familia hiyo, katika badiliko la Desemba 2012, lililotoka na toleo la 3.8. Vichakataji vya daraja la 686, kama hizo Pentium M zetu, bado vimo ndani ya msimbo, ila kila mwaka wanaovijaribu wanapungua, na kitu kisichojaribiwa huharibika kimyakimya.

Yafuatayo ni matatizo niliyokutana nayo, nikiyapanga kwa namna yanavyojionyesha machoni. Kwanza fungua daftari, la karatasi, na kila mashine uipe ukurasa wake. Andika matokeo ya `lspci -nn` (orodha ya vifaa vya ndani), yaliyomo katika `/proc/cpuinfo` (habari za kichakataji), jina na toleo la BIOS (programu ya ubao mama inayoamka kwanza), toleo la kerneli unayojaribu, tarehe na saa. Kila ikikataa, nakili maneno ya mwisho yaliyoonekana kwenye skrini, herufi kwa herufi. Picha ya simu inasaidia, video inasaidia zaidi kwa sababu unaweza kuisimamisha mahali maandishi yanapopita haraka.

Skrini nyeusi, feni inazunguka

Usiseme kompyuta imekufa. Bonyeza kitufe cha Caps Lock kwanza.

Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kerneli iko hai na inakusikia; kilichokwama ni picha tu. Taa zikimetameta zenyewe bila wewe kugusa kitu, kerneli imeanguka na hiyo ndiyo njia yake ya kupiga kelele pale ambapo skrini haionyeshi lolote. Zisipofanya chochote, imeganda, au haijafika hata kwenye hatua ya kuitambua kibodi. Jaribio hili ni la sekunde tano, na linagawa tatizo moja kuwa matatizo matatu yenye vyanzo tofauti kabisa. Nimeona watu wakipoteza siku nzima kwa kutolifanya.

Tuseme kerneli iko hai. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, uimulike skrini kwa pembeni, karibu kabisa. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, picha ipo, mwanga wa nyuma ndio haupo. Kwenye kompyuta za mapajani za kabla ya miaka ya 2010 mwanga huo mara nyingi unatoka kwenye taa nyembamba ya mrija inayolishwa na kibao kidogo cha kuongeza volteji, na kibao hicho huchoka. Kabla ya kukilaumu, washa tena ukiongeza `acpi_backlight=vendor` kwenye mstari wa amri za kerneli (maneno inayopewa inapowashwa), kisha ujaribu na `acpi_backlight=native`. Mwanga ukirudi kwa mojawapo, umepata jambo la kuripoti: mashine hiyo inahitaji kuingizwa kwenye orodha ya zile zinazotendewa kipekee, na orodha hiyo hujengwa na watu kama wewe wanaotuma jina la modeli na matokeo ya jaribio.

Kama hata kivuli hakuna, ongeza `nomodeset`. Hilo linaizuia kerneli kubadilisha hali ya skrini, inabaki na ile iliyoachiwa na BIOS. Ikionekana, chanzo ni draiva ya picha, yaani programu inayoendesha kadi ya picha. Kwa kadi za Radeon, tafuta katika `dmesg`, rekodi ya maneno ya kerneli, mstari unaosema inahitaji faili za femuwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa). Kwenye Debian za kabla ya toleo la 12 faili hizo hazikuwemo ndani ya kisakinishi, kwa hiyo mtu alikuwa anasakinisha vizuri kisha anabaki gizani. Kwa Intel za zamani kuna ugonjwa mwingine: draiva inaamini kuna televisheni imechomekwa, inapanga picha kwa ajili ya skrini isiyokuwepo. Amri `video=SVIDEO-1:d` inaizima njia hiyo.

Lakini `nomodeset` si dawa ya kumwachia mtu aondoke nayo. Ni kipimo. Nimekuta mashine za shule zilizoachwa hivyo miaka, picha inaburuta, na hakuna aliyemwambia mtunzaji wa draiva kwamba kuna tatizo.

Unaandika sawasawa, mashine haielewi

Hili linatuhusu sisi kuliko wengi, kwa sababu kibodi zetu ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa. Ukiwa kwenye GRUB, kile kipakiaji kinachotangulia kerneli, kwa kawaida kibodi inasomwa kana kwamba ni QWERTY ya Marekani. Macho yako yanaona herufi moja, mashine inapokea nyingine.

Andika `nomodeset` kwa kufuata herufi zilizochapwa kwenye vitufe, na GRUB itapokea `no;odeset`. Kwa GRUB nuktamkato ni mwisho wa amri, hivyo kerneli inapata `no` peke yake, nayo haikatai neno isilolijua, inalipita tu. Kwa hiyo unawasha, skrini inabaki nyeusi, nawe unaandika kwenye ripoti kwamba `nomodeset` haikusaidia. Umemdanganya mtunzaji bila kukusudia, na yeye atatafuta kosa mahali lisipokuwepo. Jambo hili linaniuma kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe, na jibu la kuniambia nisome tena nilichoandika lilitoka kwa mtu aliyekuwa ametumia muda wake kunisaidia.

Basi weka hivi kichwani. Herufi M utaipata kwenye kitufe chenye alama ya mkato, kile kinachofuata N. A na Q zimebadilishana, Z na W vilevile. Namba zinaandikwa bila Shift. Mkato wenyewe uko kwenye kitufe cha nuktamkato. Alama ya sawasawa iko mahali pake kwenye kibodi ya Ufaransa, ila kwenye ile ya Ubelgiji iko kwenye kitufe cha kistari kilicho juu upande wa kulia. Na mashine nyingi zinazofika hapa zilitumika Ubelgiji, hivyo tazama kwanza una ipi. Mkwaju uko kwenye kitufe cha mwisho cha safu ya chini, kile chenye alama ya mshangao kwa Ufaransa na alama ya sawasawa kwa Ubelgiji.

Baada ya kuwasha, hakikisha kwa `cat /proc/cmdline`. Hapo utaona kerneli ilipokea nini hasa. Usiripoti kitu chochote kuhusu amri za kuwashia kabla ya kusoma mstari huo.

Na nywila inayokataliwa mara tatu wakati unajua ni sahihi? Karibu kila mara ni jambo hilihili, hasa ile ya diski iliyofungwa kwa siri, inayoombwa mapema kabla mpangilio wa kibodi haujapakiwa.

Ujumbe mmoja, kisha kimya

Hapa mashine yenyewe inakuambia chanzo, ukikubali kuisoma. Ikisema inahitaji kichakataji cha x86-64 lakini imeona i686, umechukua faili ya biti 64 ukaiweka kwenye mashine ya biti 32. Hakuna cha kurekebisha, chukua faili nyingine.

Ikisema kinachokosekana ni `pae`, subiri kidogo. Pentium M nyingi za mwanzo zina uwezo huo wa kuhutubia kumbukumbu kwa anwani ndefu, ila hazijitangazi kuwa nao. Ongeza `forcepae` kwenye mstari wa kuwashia na mashine iliyokuwa inakataa itaendelea. Kerneli itajiwekea alama kwamba inaendeshwa kwa namna isiyothibitishwa, na alama hiyo uitaje kwenye ripoti yako. Kama mashine haina kabisa PAE, tafuta kerneli ya Debian 12 iliyoandikwa `686` bila nyongeza ya `pae`.

Kuna kinyume chake: mashine yenye kichakataji cha biti 64 lakini UEFI (mrithi wa BIOS) ya biti 32, kama kompyuta ndogo nyingi za Atom aina ya Bay Trail za mwaka 2013 na 2014. Dalili yake ni kwamba flashi haitokei kabisa kwenye orodha ya kuwashia, na mtu anadhani flashi ni mbovu. Flashi ni nzima. Inakosa faili ya `bootia32.efi` ndani ya folda ya `EFI/BOOT`.

"Unable to mount root fs"

Maneno haya yanasema kerneli imeshindwa kufungua diski yenye mfumo. Yakitokea, angalia namba mbili zilizo kwenye mabano mwishoni. Zikiwa sifuri na sifuri, kerneli haikuiona diski hata kidogo: ama initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotangulia diski) haikupakiwa, ama draiva ya kidhibiti cha diski haimo. Zikiwa namba nyingine, kwa mfano 8 na 1, diski imeonekana lakini kilicho ndani yake hakikusomeka.

Kwa mashine zetu chanzo kikubwa ni usanidi uliorithiwa. Mtu anachukua faili ya `.config` ya zamani iliyokuwa inafanya kazi, anajenga kerneli mpya, diski inapotea. Sababu ni kwamba mfumo wa zamani wa draiva za IDE, aina ya zamani ya kuunganisha diski, uliondolewa kwenye toleo la 5.14, mwaka 2021. Kila kilichokuwa kinaanza na `CONFIG_IDE` hakipo tena, na kinachochukua nafasi yake ni draiva za PATA chini ya `CONFIG_ATA`. Kwa vidhibiti vingi vya Intel ni `ata_piix`. Pia diski iliyoitwa `hda` sasa inaitwa `sda`, kwa hiyo kama `fstab` (orodha ya diski za kufungua) au GRUB bado inataja jina la zamani, badilisha itumie UUID, namba ya utambulisho isiyobadilika.

Ukiangushwa kwenye ganda dogo la initramfs, usizime. Andika `ls /dev/disk/by-uuid` na `cat /proc/modules`, upige picha. Ukikuta diski imeshatokea wakati unaangalia, ilichelewa tu; `rootdelay=10` itaisubiri.

"Illegal instruction"

Mfumo unawaka vizuri, lakini programu moja ikifunguliwa inakufa papo hapo kwa maneno hayo. Tafuta `sse2`, seti ya maelekezo ya ziada ya kichakataji, katika mstari wa `flags` wa `/proc/cpuinfo`. Pentium III na Athlon XP hazina. Programu nyingi za leo hujengwa zikidhani SSE2 ipo, na lugha ya Rust kwa shabaha yake ya kawaida ya i686 inaidai. Kerneli haina kosa hapa, usiwasumbue watunzaji wake. Ripoti kwa wanaotunza kifurushi hicho, kama mfumo wenyewe umeahidi kuendesha 686 bila SSE2.

Kosa linahama: leo hapa, kesho pale

Hili ndilo gumu, na ndilo linalofanya wanaojitolea wakate tamaa.

Msimu mmoja wa mvua tulikuwa tunajaribu kiraka (badiliko dogo la msimbo) cha draiva ya mtandao kwenye kompyuta mbili za mezani. Mara zinawaka siku nzima, mara zinajizima na kujiwasha zenyewe. Kijana aliyekuwa anazisimamia alishaandika ripoti kwamba kiraka kinaangusha mashine. Nilimwomba anionyeshe daftari. Saa zilikuwa zimeandikwa: asubuhi karibu saa tatu, alasiri karibu saa kumi, tena na tena. Tulikaa kimya tukasikiliza. Saa kumi jirani aliwasha mashine yake ya kusaga mahindi, unga wa bukari (ugali) ya jioni, na taa ya chumba chetu ikafifia kwa nukta moja. Kompyuta zikajiwasha upya mbele ya macho yetu. Kiraka hakikuwa na hatia. Na kompyuta za mapajani hazikuwa salama pia, kwa sababu betri zao zilishakufa, hivyo umeme ukiyumba hazina cha kuegemea.

Kwa hiyo kosa linapohama, lisilokubali kurudiwa mahali pamoja, shuku vitu unavyoweza kuvigusa kabla ya kushuku msimbo. Utaratibu wangu ni huu.

Umeme kwanza. Weka stabilizata, au jaribu kwa betri na inveta, au fanya jaribio usiku wa manane wakati mtaa umetulia. Kosa likitoweka, umelipata.

Kisha kumbukumbu. Washa Memtest86+ uiache usiku kucha. Ikikuonyesha hata mstari mmoja mwekundu, toa vibao vya kumbukumbu, ubaki na kimoja, urudie. Wakati mwingine ni mguso tu: sugua meno ya kibao kwa ufutio wa penseli, polepole, urudishe. Alama nyingine ya kumbukumbu mbovu ni mkusanyaji wa msimbo (compiler) kufa kwa `Segmentation fault` kwenye faili tofauti kila unaporudia. Kosa la msimbo hurudi mahali palepale. Kosa la kumbukumbu halina makazi.

Joto. Kiangazi chetu, kuanzia Mei, kinaleta vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Fungua mashine, safisha feni na mapezi yake ya kupoozea kwa brashi kavu, ondoa pasta iliyokauka juu ya kichakataji, paka mpya. Kwenye `dmesg` tafuta maneno yanayosema joto limepita kiwango na mwendo umepunguzwa.

Mwisho tazama kapasita kwenye ubao mama, vile vimkebe vidogo vilivyosimama. Bodi nyingi zilizotengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000 zilipewa kapasita mbovu. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kikivimba au kikitoa uchafu wa kahawia, hakuna kerneli itakayoitibu mashine hiyo. Mpelekee fundi mwenye chuma cha kuchomea, au mashine hiyo iwe ya kutolea vipuri. Usiitumie kujaribu viraka. Matokeo yake yatachafua kazi ya watu wengine.

Upakuaji unakataa: "not valid yet"

Tazama saa ya mashine. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikiisha, kompyuta inaamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita, na vyeti vyote vya usalama vinaonekana vya kesho. Mafundi wa saa wanaiuza. Badilisha, weka tarehe, hifadhi kwa `hwclock --systohc`.

Huwezi kupata logi

Mashine inaanguka kabla ya kuandika chochote kwenye diski, na skrini haionyeshi. Kompyuta ya mezani ya zamani ina zawadi ambayo mpya hazina: mlango wa siria wa pini tisa nyuma yake. Unganisha na kompyuta nyingine, kisha uwashe ukiongeza `console=ttyS0,115200 ignore_loglevel`. Ikiwa inaanguka mapema sana, ongeza `earlyprintk=serial,ttyS0,115200`.

Usipopokea kitu, waya wako haujapishanisha njia ya kutuma na ya kupokea. Kati ya kompyuta mbili unahitaji waya uliopishanishwa. Ukipokea takataka zisizosomeka, kasi za pande mbili hazilingani. Na tafadhali usichomeke vibao vidogo vya USB vya volti 3.3, vile vinavyotumika kwa simu na vifaa vidogo, moja kwa moja kwenye mlango wa pini tisa. Mlango huo unatoa volteji kubwa zaidi, na upande hasi vilevile. Kibao kitaungua.

Kompyuta ya mapajani isiyo na mlango huo inaweza kutuma maneno ya kerneli kwa waya wa mtandao, kwa kutumia netconsole, mradi inafika hadi draiva ya mtandao kupakiwa. Ikianguka kabla ya hapo, rudi kwenye video ya simu.

`git clone` inakatika, mega zinaisha

Hazina kamili ya msimbo wa kerneli ina gigabaiti kadhaa, na `git clone`, amri ya kuipakua, haiendelei ilipoishia. Ikikatika kwenye asilimia 90, inaanza sifuri. Kwetu hili ni pesa. Nimeona mtu akinunua mega (data ya intaneti) mara tatu kwa wiki kwa ajili ya faili hiyohiyo, halafu akaacha kujitolea kabisa, na sikuweza kumlaumu.

Kama unataka kujaribu toleo moja tu, `git clone --depth 1` inatosha. Kama utatafuta badiliko lililoleta kosa, unahitaji historia, na hapo pakua kifurushi cha `clone.bundle` kutoka seva za kernel.org kwa `wget -c`, ambayo inaendelea pale ilipokatikia hata baada ya siku mbili. Ukishamaliza, usimwache jirani aanze upya: mnakili kwenye diski ya nje. Chumba chetu kina nakala moja, na kila Jumamosi mtu mmoja anaivutia mabadiliko mapya kwa niaba ya wote.

Wala usijenge kerneli juu ya Pentium yenyewe. Jenga kwenye mashine yenye nguvu kwa `ARCH=i386`. Kwanza endesha `lsmod`, inayoorodhesha moduli (vipande vya kerneli) zilizopakiwa, kwenye mashine ya zamani, nakili matokeo, kisha uyape `make localmodconfig`. Moduli zisizotumika zinaachwa, na ujenzi wa saa nyingi unakuwa wa dakika.

Bisect inakuonyesha badiliko lisilohusika

`git bisect` inagawa historia katikati, unajaribu, unaiambia nzuri au mbaya. Kati ya mabadiliko 10,000 inahitaji majaribio 14 hivi. Ikiishia kwenye badiliko la, tuseme, kadi ya sauti ambayo mashine yako haina, jibu moja kati ya 14 lilikuwa la uongo.

Mara nyingi uongo uko kwenye neno "nzuri". Ikiwa kosa linatokea mara moja kati ya nne, kuwasha mara moja hakuthibitishi chochote. Sisi tunawasha mara nane kabla ya kuandika `good`. Sababu ya pili ni kuwasha kerneli isiyo ile uliyoijenga, kwa hiyo soma `uname -r` kila hatua. Ya tatu ni usanidi unaobadilika njiani: hifadhi `.config` ya kwanza pembeni, uirudishe kila hatua kabla ya `make olddefconfig`.

Ili kupunguza safari, anza na kerneli zilizokwisha kujengwa. Debian inatunza vifurushi vyake vya zamani kwenye snapshot.debian.org. Jaribu chache hapo mpaka ujue kosa liliingia kati ya matoleo yapi mawili, ndipo uanze bisect.

Umetuma, hakuna anayejibu. Au jibu ni kavu

Kimya kina vyanzo vinavyojulikana. Barua yenye mapambo ya HTML hukataliwa na orodha za barua pepe za kerneli kabla ya mtu yeyote kuiona. Tuma maandishi matupu. Kiraka kilichobandikwa kutoka kwenye simu hupoteza nafasi na tabu zake, kikawa hakibandikiki; tumia `git send-email`. Kukosea anwani nako ni kimya: `scripts/get_maintainer.pl` inakuambia nani anatunza faili ulizogusa, na `scripts/checkpatch.pl` inakukagua kabla yao. Mstari wa `Signed-off-by`, sahihi yako kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo, usikosekane. Tena kuna majira: baada ya kila toleo watunzaji wana wiki mbili za kuunganisha kazi mpya, na viraka vinavyofika katikati ya wiki hizo husubiri. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Subiri angalau wiki mbili, kisha kumbusha kwa upole chini ya ujumbe uleule.

Kuhusu jibu kavu, nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu hapo ndipo tunapopoteza watu. Sisi hatuingii kwa mtu tukaanza na shida. Tunasema jambo, tunauliza habari ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, ndipo neno linaletwa. Kijana wetu aliandika aya nzima ya salamu na heshima, akajibiwa maneno matano: tuma logi kamili ya dmesg. Alikuja kwangu macho yamelegea. "Yaya, wamenifukuza."

Hawakumfukuza. Mtu asiyemjua, nchi ya mbali, alisoma tatizo lake na akataka kujua zaidi. Kwa desturi yao, kuomba logi ndiyo kukaribisha. Tulikaa pamoja, tukafuta namba za utambulisho wa mashine (serial) kwenye matokeo ya `dmidecode`, tukaambatisha logi nzima bila kukata "sehemu zisizo muhimu", kwa kuwa muhimu huwa hukohuko. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Logi haikuhitaji Kiingereza.

Na ikiwa kilichoharibika kilikuwa kinafanya kazi kwenye toleo lililopita, liseme hilo kwenye kichwa cha barua. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ameshikilia miaka mingi kanuni kwamba badiliko jipya halipaswi kuharibu kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji. Ripoti ya namna hiyo hupewa uzito wake, hata ikiwa mashine ina miaka ishirini.

Ukitumiwa kiraka cha kujaribu, kijaribu mapema, huku mwandishi bado analikumbuka jambo. Washa mara kadhaa, andika matokeo pamoja na modeli ya mashine na toleo la kerneli. Kikifanya kazi, jibu kwa mstari wa `Tested-by:` ukifuatwa na jina lako na anwani ya barua pepe. Mtunzaji ataubeba mstari huo ndani ya historia ya kerneli. Kijana yule wa "wamenifukuza" alijibu usiku, umeme ulipotulia, kutoka kwenye mashine ileile iliyokuwa inakatala.